Rangi ya dashibodi ya lori haikai kwenye globu

Kijana mmoja anayevuta makontena kutoka bandari ya Malindi, hapa Unguja, alikuja karakana kwetu Mwanakwerekwe na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani yake mna globu ndogo kumi za LED, saba zimekufa. "Shikamoo ami. Mie nilitaka buluu," akasema. "Nimepata kijani ya ukungu, na hiyo yenyewe imekaa wiki mbili tu."

Nikapanda naye kwenye kichwa cha lori. Namba za spidomita zilikuwa na rangi ya maji ya dimbwi. Geji ya mafuta ilikuwa na doa la mwanga katikati na giza pembeni, mshale wa joto la injini haukuonekana kabisa, na alipofungua ufunguo taa ya betri haikuwaka. Kazi yote hiyo aliifanya mwenyewe usiku mmoja, akifuata video ya dereva wa Kimarekani hatua kwa hatua. Yule Mmarekani wala hakumdanganya. Ila alikuwa anafungua lori jengine, lenye umeme mwengine na dashibodi iliyojengwa kwa namna nyengine.

Wanaokuja na mfuko kama ule ni wengi, na karibu wote wanaanza na dhana moja: rangi imo ndani ya globu, basi ukibadilisha globu umebadilisha rangi. Kwenye taa ya sebuleni ni kweli. Kwenye dashibodi, globu ni mwanzo wa safari tu. Mwanga unatoka kwenye globu, unapita kwenye kofia ya rangi kama ipo, unagonga kuta nyeupe za ndani ya boksi la geji, unapenya karatasi au wino uliopakwa nyuma ya uso wa geji, ndipo unatokeza kwenye namba unazozisoma. Kila kituo kinakata ushuru wake.

Kifumbu hakiongezi tui

Aliyewahi kupika wali wa nazi anajua kazi ya kifumbu. Kinazuia chicha, tui linapita. Hakiongezi hata tone. Plastiki ya rangi nayo haifanyi zaidi ya hapo. Plastiki ya kijani haitengenezi kijani. Inazuia nyekundu na buluu, inaachia kijani iliyokuwamo tangu mwanzo ndani ya mwanga. Kama nazi yako haina tui, ukibadilisha vifumbu mpaka alfajiri hutopata kitu.

Sasa ile globu ya zamani ya uzi ni nazi ya aina gani? Uzi wake ni wa tangsteni, na ukiwaka hufika karibu nyuzi 2,400 za Selsiasi. Kitu chenye joto hilo hutoa nyekundu na manjano kwa wingi, kijani kwa kiasi, na buluu chembe tu. Kaangalie nyumba za Mji Mkongwe zenye vioo vya rangi juu ya madirisha. Mchana, jua likipiga, kioo cha buluu kinang'aa sawasawa na chekundu. Usiku weka koroboi nyuma ya vioo vilevile: chekundu kinawaka kama kaa la moto, cha buluu kinakaribia weusi. Kioo hakikubadilika. Jua lina buluu ya kutosha, koroboi haina.

Kwa hiyo zile kofia za mpira za buluu zinazovalishwa globu za uzi hutoa mwanga hafifu uliochoka, na mnunuzi hulaumu kofia. Na kwa hiyo pia malori mengi ya zamani yana dashibodi ya kijani au ya rangi ya chungwa. Globu ya uzi ina kijani ya kutosha, na jicho la mtu huiona kijani kwa wepesi kuliko rangi nyengine zote. Kilele chake ni mawimbi ya nanomita 555, hapo kati ya kijani na manjano. Mwanga mdogo, usomaji mzuri. Waliotengeneza hawakuwa wanatafuta urembo.

LED ilikuja na tabia nyengine. Ya rangi haitoi mchanganyiko, inatoa kipande chembamba tu cha rangi yake: ya buluu ni buluu na jamaa zake wa karibu, ya nyekundu ni nyekundu. Nyekundu ilipatikana mapema, mwaka 1962, lakini buluu iliwasumbua wataalamu miaka thelathini. LED ya buluu yenye mwanga mkali ilitoka Japani mwaka 1993, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Tuzo kubwa namna ile haikutolewa kwa ajili ya dashibodi, bila shaka. Ilitolewa kwa sababu buluu ndiyo iliyozaa LED nyeupe: ni chembe ya buluu iliyofunikwa unga wa fosfori ya manjano, buluu na manjano zikachanganyika, jicho likaona nyeupe. Weupe huo una buluu nyingi na nyekundu kidogo, kinyume kabisa cha globu ya uzi.

Ukishayashika haya mawili, lile fumbo la kijana linafumbuka lenyewe. Uso wa geji zake ulikuwa na wino wa kijani kwa nyuma, uliopakwa kiwandani. Alipotia LED za buluu, kifumbu cha kijani kikazuia karibu buluu yote, kikaachia ule ukingo mdogo unaoelekea kijani. Hiyo ndiyo rangi ya dimbwi. Angetia nyekundu angepata giza. Angetia nyeupe angepata kijani ileile ya zamani, ila kali zaidi. Na LED ya kijani nyuma ya wino wa kijani ingetoa kijani safi kabisa, jambo ambalo hakuna anayelitaka lakini ndilo rahisi kuliko yote.

Kabla hujanunua chochote, toa uso wa geji moja isiyo na kazi kubwa, kama ya mafuta, ushike mbele yako na uwashe tochi ya simu kwa nyuma. Tochi ya simu ni LED nyeupe. Namba zikionekana nyeupe, uso ni mtupu na rangi ilikuwa kwenye kofia au kwenye globu. Una bahati, LED ya rangi yoyote itakubali. Zikionekana kijani au chungwa, kifumbu kimo ndani ya uso wenyewe, na hapo kuna maamuzi.

Uamuzi mmoja ni kukikubali kifumbu na kuchagua rangi inayopita. Mwengine ni kukiondoa. Baadhi ya geji zina karatasi laini ya plastiki iliyobandikwa nyuma, hiyo inabanduka kwa ukucha. Nyengine zina wino, na wino unafutwa taratibu kwa pamba na spiriti, upande wa nyuma tu, ukisimama kila baada ya dakika kuangalia. Tatizo ni kwamba weusi unaozunguka namba nao ni wino. Ukiusugua sana unatoboka, na kila kitobo kitang'aa usiku kama nyota pembeni ya namba 80. Nimeshaharibu uso mmoja namna hiyo, na mwenye lori alinikumbusha kwa mwaka mzima kila tulipokutana barazani.

Mshale una kesi yake. Mishale mingi ni ya plastiki nyekundu au chungwa inayopitisha mwanga kutoka kwenye shina lake. Plastiki nyekundu ikipewa mwanga wa buluu haina cha kupitisha, basi mshale unazama gizani huku namba zinawaka. Ipo iliyopakwa rangi ile inayong'aa kama ya fulana za mafundi wa barabara, na hiyo hujitetea hata ikipigwa na buluu. Ya kawaida haijitetei. Ndiyo maana kijana alikuwa anaziona namba za joto la injini lakini hajui injini ina joto gani.

Watu husema basi ng'oa mshale uupake rangi. Kwenye gari ndogo ningesema jaribu kwa hadhari. Kwenye lori nina neno. Lori linasimama kwa upepo. Geji ya upepo inakwambia kama kwenye matangi mna shindikizo la kutosha kufunga breki za kichwa na za tela lenye kontena juu yake. Mshale ukirudishwa umepinda hata kidogo, utasoma upepo ambao haupo. Na kwenye malori ya zamani geji hiyo haina waya wa kupimia hata mmoja: paipu nyembamba za upepo zinakuja moja kwa moja mpaka nyuma ya geji. Mtu anavuta boksi la dashibodi kwa pupa, anasikia "fsss", anadhani amekanyaga nyoka. Mshale wa geji ya upepo mimi siugusi. Atakayekuja anataka niung'oe nitampa chai kisha nitamrudishia ufunguo wake.

Umeme wa lori si umeme wa gari

Malori makubwa ya Marekani, akina Peterbilt, Kenworth na Freightliner tunaowaona kwenye video, yana mfumo wa volti 12, kama teksi. Mengi yao yana geji zilizosimama mbalimbali, kila moja na tundu lake na globu yake, unaichomoa kwa nyuma kama unavyochomoa kizibo. Malori ya Ulaya, Japani na China yanayoshushwa kwetu mengi ni ya volti 24: betri mbili za 12 zilizofungwa kwa mfululizo, na injini ikiwaka alteneta, ile mashine inayochaji betri, inapandisha mpaka kama volti 28. Geji zote zimo kwenye boksi moja, na globu zinazungushwa robo mzunguko ndani ya karatasi laini yenye njia za shaba.

Globu ya uzi ya volti 12 ukiitia kwenye 24 inakatika hapohapo, na mtu anajua amekosea. LED ni mnafiki zaidi. Inawaka, tena inawaka vizuri mno, kisha inakufa polepole. Hesabu yake si ngumu. LED ya buluu inahitaji kama volti 3, nyekundu kama 2. Zinazobaki zote lazima zimezwe na rizista, kile kijipande kinachobana umeme, iliyofichwa kwenye kitako cha globu. Kwenye gari la volti 12, ambalo likiwaka linatoa 14, zinabaki 11. Rizista ya ohmu 560 inaruhusu hapo mkondo wa milliampea 20, kiasi ambacho LED ndogo huvumilia. Chukua globu hiyohiyo uitie kwenye lori linalotoa 28. Sasa zimebaki volti 25, na mkondo unapanda mpaka karibu milliampea 45. Joto la rizista halizidi mara mbili, linazidi mara tano. Kebini ya lori lililosimama juani bandarini tayari ni tanuri. Ongeza joto hilo ndani ya kijisoketi kidogo kama punje ya muhindi, wiki mbili ni nyingi.

Kwa hiyo kwenye paketi tafuta 24 iliyoandikwa wazi. Kama fundi wako anaunda mwenyewe, asikariri ile milliampea 20 kama aya. Dashibodi haihitaji mwanga wote huo. Rizista ya ohmu 4,700 kwenye volti 28 inaipa LED ya buluu kama milliampea 5, inabaki baridi hata ikiwa ya robo wati, na kwa dereva wa usiku mwanga huo unatosha na kubaki. Zipo pia globu mbili za volti 12 zinazofungwa kwa mfululizo ili zigawane 24. Njia hiyo inafanya kazi mpaka siku globu moja ikatike, na pacha wake azimike naye.

LED ina kichwa na miguu, yaani chanya na hasi. Ukiigeuza haiwaki, wala haijafa; itoe, izungushe nusu mzunguko, irudishe. Kabla ya kuitupa angalia na soketi. Hewa yetu ina chumvi, na shaba ya njia zile hupata kutu ya kijani isiyoonekana vizuri kwenye giza la chini ya dashibodi. Ufutio wa penseli wa watoto wa skuli unaisafisha kuliko msasa, maana msasa unakula shaba yenyewe.

Lile doa katikati ya geji ya mafuta lina maelezo mafupi. Uzi unaowaka unatupa mwanga pande zote, na boksi la geji limepakwa weupe ndani ili mwanga huo ugonge kuta na kusambaa. LED ya bei rahisi inatupa mwanga mbele tu, kama tochi. Nunua zenye vijitaa ubavuni, au chukua msasa laini uipauke ile kuba ya plastiki mpaka iwe kama kioo cha choo. Mwanga unapungua kidogo, unatulia sana.

Swichi ya kupunguzia mwanga inawachanganya hata mafundi. Malori ya zamani yana rizista ya kuzungusha iliyofungwa kwenye njia ya globu zote kwa pamoja. Globu za uzi kumi zinavuta mkondo wa kutosha, basi rizista inakata volti nyingi. LED kumi zinavuta kidogo sana, na rizista ileile inakosa cha kukata: unazungusha mpaka mwisho, dashibodi inabaki inawaka kama harusi. Malori mapya zaidi hupunguza kwa kuwasha na kuzima umeme haraka sana kuliko jicho linavyoweza kufuata, na LED nyingi zinakubaliana na hilo. Isipokuwa zile zenye kidhibiti cha umeme ndani yake, ambazo ama zinawaka kikamilifu ama zinapepesa. Muulize muuzaji kama globu inapunguzika. Akisema "hii moto sana, kaka," hajakujibu.

Taa usizozigusa

Kwenye boksi lilelile, pembeni ya taa za kumulika geji, mna taa za kukuonya. Kwa mtazamaji zinafanana, globu ni zilezile, na kijana alibadilisha zote. Hapa ndipo lori lilipoacha kuchaji.

Kwenye alteneta za muundo wa zamani, taa ya betri si mapambo wala si taarifa tu. Ukifungua ufunguo, umeme mdogo unapita kupitia globu hiyo kwenda kwenye alteneta na kuiamsha ili ianze kuzalisha. Globu ya uzi ya volti 24 yenye wati 3 inapitisha kama milliampea 125. LED inapitisha sehemu ndogo tu ya hizo, na ikiwekwa kinyume haipitishi kitu. Alteneta inalala. Dereva anaondoka Malindi na betri zilizojaa, hana habari, kwa sababu taa ambayo ingempa habari ndiyo iliyokufa. Kuna alteneta zilizowekewa rizista sambamba na globu, hizo hazijali, lakini huwezi kuzijua kwa kutazama kwa macho. Globu ya betri iachwe ya uzi. Kijana wetu nilimrudishia yake ileile, lori likaanza kuchaji akiwa bado amekunja uso.

Taa ya indiketa nayo ina kituko. Kwenye baadhi ya magari ya zamani yenye mshale mmoja tu wa indiketa kwenye dashibodi, globu imefungwa katikati ya kushoto na kulia. Umeme unakuja huku ukikata kulia, unakuja kule ukikata kushoto. Globu ya uzi haijali upande. LED itawaka ukikata kulia na kukaa kimya ukikata kushoto, na utatafuta waya uliokatika mpaka jioni.

Zaidi ya umeme, rangi za taa hizo ni lugha. Nyekundu maana yake simama uangalie: presha ya oili, breki, upepo mdogo. Manjano maana yake kuna jambo, lishughulikie mapema. Kijani, kitu kinafanya kazi kama kilivyoamriwa. Buluu ni ya taa za fulu, na kanuni za kimataifa zimezitengea rangi hiyo. Sasa fikiria dashibodi nzima ya buluu, na katikati yake kijitaa cha buluu kinachokwambia kuwa fulu zimewaka. Utamwachia nani kazi ya kukitafuta? Anayekuja mbele yako, kwa kupiga honi.

Kwa wenye malori mapya habari ni fupi. LED zao hazikai kwenye soketi, zimechomelewa kwa risasi juu ya bodi, ndogo kama punje ya mchele uliovunjika. Zinabadilishwa, ndiyo, kwa lenzi na mkono usiotetemeka, na zile mpya lazima zikubaliane na volti ya rangi yake: mahali palipokuwa na nyekundu ya volti 2 huwezi kutia buluu ya volti 3 ukategemea rizista ileile. Boksi hilo pia linazungumza na kompyuta ya lori. Na yale yenye kioo kizima badala ya mishale, rangi imo kwenye programu. Kama menyu haina pa kuibadilisha, hakuna globu ya kununua Darajani itakayosaidia.

Jicho la dereva wa usiku

Nilimuuliza kijana kwa nini buluu. Akasema inapendeza. Jawabu la kweli, silibezi. Anakaa ndani ya kebini ile saa nyingi kuliko anavyokaa chumbani kwake.

Lakini njia ya Nungwi usiku, ukishaipita Mahonda, taa za barabarani ni chache na barabara ni ya kila mtu: baiskeli isiyo na taa, watu wanaotoka msikitini baada ya Isha, gari la ng'ombe lililobeba kuni ambalo nyuma yake hakuna hata kipande cha kioo cha kuakisi. Pemba, baina ya Chake na Mkoani, ongeza vilima na kona. Huko dereva haangalii vitu vilivyomulikwa tu, anaangalia na vivuli. Kazi hiyo inafanywa na chembe za jicho zinazoona gizani, na chembe hizo huchukua kama nusu saa kuzoea giza kikamilifu, kisha mwanga mmoja mkali unazirudisha nyuma ndani ya sekunde chache.

Chembe hizo ziko makini zaidi kwenye mwanga wa karibu nanomita 507, hapo buluu inapokutana na kijani, na nyekundu iliyokolea karibu haziioni. Maana yake mwanga mwekundu kwenye dashibodi unakuachia macho yako ya usiku, na ndiyo sababu ndege za kivita na nyambizi za zamani zilimulika geji zake kwa nyekundu. Buluu inayachosha. Tena lenzi ya jicho haiwezi kuikusanya buluu mahali palepale inapokusanya rangi nyengine, basi namba za buluu zinakuwa na ukungu ukingoni, na umri ukisogea lenzi inageuka ya manjano na kuutawanya mwanga huo zaidi. Kijana wa miaka 24 haoni tatizo. Mie nikivaa miwani yangu ninaona namba 60 ina kivuli.

Nyekundu tupu nayo ina lawama zake. Inasomeka kwa shida ikiwa hafifu, baadhi ya wanaume wamezaliwa hawaioni vizuri, na kwenye dashibodi nyekundu taa nyekundu ya hatari haishtui mtu. Rangi ya chungwa, hii ya kaharabu, ndiyo ninayoipendekeza: inasomeka, inaliacha giza la nje liwe giza, na haigombani na taa yoyote muhimu isipokuwa zile za manjano, ambazo zina alama zake. Hata hivyo, kama kuna jambo moja ningelitanguliza kuliko rangi, ni ukali. Buluu iliyopunguzwa vizuri ni salama kuliko chungwa inayowaka kama karabai ya wavuvi wa dagaa.

Lori la yule kijana tulilifungua Ijumaa baada ya sala. Tulitoa hasi ya betri kwanza, tukaubandua wino wa kijani kwenye spidomita na geji ya mizunguko ya injini, ya upepo tukaiacha na kijani yake, tukaweka LED za chungwa za volti 24 zilizopaukwa kwa msasa. Taa za onyo zote zikarudi na globu zao za uzi. Kwa vile swichi yake ilikuwa ya ile rizista ya kuzungusha, tukafunga globu moja ya uzi sambamba na LED, imefichwa nyuma ya boksi mbali na plastiki, haimuliki chochote. Kazi yake ni kuvuta mkondo ili swichi ipate cha kukata. Usiku tukalipeleka mahali penye giza, tukazima injini, tukakaa kimya kama dakika ishirini kama watu wanaosubiri mwezi, kisha akawasha dashibodi na kuipunguza mpaka namba zikawa zinasomeka tu, basi.

"Na buluu yangu, ami?"

Nilimtilia LED tatu za buluu chini, miguuni, kila moja na rizista yake ya ohmu 4,700, nikazifunga kwenye swichi ya mlango. Wapakiaji wa Malindi wakimfungulia mlango wanaiona. Akiufunga kuondoka, inazimika.